Nilimpima Mkamwana kwa Kidole Changu

Mwaka 2012, mpunga ukiwa umeshavunwa, nilimwambia mwanangu Luhende kwamba mke wake ananiua. Sikunong'ona. Nilisema pale uani, Nyanzobe mwenyewe akiwa na ungo anapepeta, ili asikie vizuri.

"Mayu, mama yangu, anakuuaje?" Luhende akauliza.

"Kwa chakula. Namba ninazo."

Namba hizo zilianzia kituo cha afya. Nilikwenda na kiu isiyoisha, nikatobolewa kidole asubuhi kabla sijala kitu. Muuguzi, Tabita, akasema ni sita nukta nne.

"Bibi, kisukari chenyewe bado, lakini umesimama mlangoni. Ukipima asubuhi hujala ukakuta saba na kuendelea, na ukirudia ikawa hivyo hivyo, basi umeingia ndani. Punguza wali na ugali, chai acha sukari, na baada ya kula..."

Aliendelea kueleza. Mimi niliishia kwenye saba. Niliibeba saba ile mpaka nyumbani Kamsamba kama mtu aliyeonyeshwa mpaka wa shamba: huku uhai, kule kaburi.

Luhende alipopeleka mchele Tunduma alininunulia kimashine cha kupimia na kopo la vijiti vyake. Nilisoma mpaka darasa la tatu, namba hazinitishi. Asubuhi nikapima, sita na tatu. Kesho yake, sita na tano. Nikatulia.

Sasa mimi na Nyanzobe hatukuwahi kupendana. Alitolewa ng'ombe wengi na alilijua hilo. Nikisema mlenda wake umezidi magadi, anasema ulimi wangu ndio umechakaa. Siku moja tuna wageni, akanipakulia wali kama wa kuku, akasema mbele yao, "Mtanisamehe, Mayu kanyimwa na serikali." Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nikaapa nitamkamata.

Ndipo nikaanza kukipima chakula chake. Akileta sahani, nakula, nanawa, nangoja muda mfupi tu, natoboa kidole. Tisa na nane. Siku nyingine kumi nukta mbili. Lakini siku nilipochemsha michembe yangu mwenyewe, vile viazi vitamu vya kukausha, nilipima kesho yake asubuhi kabla ya kula, kama nilivyozoea, nikakuta sita na kitu. Yote nikaandika kwenye daftari: wali wa Nyanzobe, tisa na nane. Michembe yangu, sita na tatu. Hata mtoto angesoma hapo nani mwovu.

Luhende alilisoma daftari mara mbili.

"Kama ni kweli, anarudi kwao. Watoto wanabaki."

"Ni kweli," nikasema.

Nyanzobe hakulia. Aliweka ungo chini. "Watoto wangu wabaki na nani? Na huyu?"

"Na huyu ndiye aliyemzaa mumeo."

"Ndiyo maana nashangaa, maana mume wangu ana akili."

Siku ya tatu kaka yake, Sadock, akaja kwa pikipiki. Akakaa kwenye kigoda, kofia hakuvua. Luhende akamsomea daftari. Nilimtazama Nyanzobe nione kama atatetemeka. Alikuwa anamsuka binti yake nywele, taratibu, kana kwamba kikao si chake.

"Mama," Sadock akaniambia, "dada yangu ana mdomo, sikatai. Lakini sumu?"

"Mimi sijasema sumu. Mashine imesema."

Nyanzobe akaachia nywele za mtoto. "Basi mashine iseme tena leo, mbele ya kaka. Mayu, ingia jikoni upike mwenyewe. Unga wako, maji yako, mboga yako. Mimi nakaa hapa, mikono yangu hii hapa, aniangalie anayetaka. Ukishakula, pima muda ule ule unaopima chakula changu."

"Unadhani naogopa?"

"Sidhani. Pika."

Nilipika. Nilisonga ugali kwa hasira mpaka mwiko ukalia. Nikala peke yangu, wote wananitazama kama mgonjwa anayekata roho. Nikanawa, nikafuta mkono, nikangoja kama siku zote. Nikatoboa. Luhende ndiye aliyesoma.

"Kumi nukta nne."

Mbuzi mmoja alipiga chafya, basi.

"Haya Mayu," Nyanzobe akasema, "leo nani kakutilia?"

"Mashine imeharibika."

"Juzi ilikuwa nzima."

Sadock akacheka puani. Nyanzobe akasimama. "Nilikwenda kwa Tabita. Nilitembea jua kali, mtu ninayetuhumiwa uuaji, kwenda kuuliza ugonjwa wako. Anasema kila mtu akishakula sukari yake inapanda, hata mimi, hata huyu Sadock, kisha inashuka. Ile saba ni ya asubuhi, tumbo tupu. Ukishakula unahesabu masaa mawili ndipo unapima, unaangalia kama imeshuka chini ya nane. Wewe ulikuwa unapima changu kikiwa bado kinapanda, chako unakipima kimeshalala usiku kucha. Alikueleza yote haya."

"Sikusikia."

"Hukutaka. Tena ulinisimulia mwenyewe habari za mama yako kule Shinyanga. Mganga alipasua kuku, akaona doa kwenye utumbo, akasema mchawi ni yule, mama yako akafukuzwa na watoto mgongoni. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Yule alipasua kuku. Wewe umepasua kidole."

Nilitaka kumtukana. Tusi lilikuwa tayari mdomoni. Luhende akaangalia saa, akasema tungoje masaa mawili yatimie. Tukangoja, hakuna aliyemtazama mwenzake. Nikapima tena. Nane na tatu. Imeshuka, ila haikufika chini ya nane. Pale pale mlangoni aliposema Tabita, kwa ugali nilioupika mimi.

Nikalichukua daftari nikazichana kurasa zile mbele ya Sadock. "Mkamwana hajanitilia kitu. Nimekosea mimi. Haendi popote."

Hapo ndipo Sadock alipovua kofia. Nilidhani Nyanzobe naye atasema yameisha. Akasema, "Nimesikia," akaingia jikoni, akatoka na chungu changu, mwiko wangu na sahani yangu, akaviweka mlangoni kwangu.

"Kuanzia leo jipikie. Sitaki kupimwa tena."

Luhende alimsihi, nami nikamsihi kidogo. Alikataa. Sasa napika mwenyewe: ugali kama ngumi ya mtoto, mboga nyingi, wali mara moja kwa wiki. Napima tumbo tupu, na mara chache baada ya masaa mawili. Siyo vibaya.

Kila asubuhi anapita na ndoo ya maji, anasimama bila kuitua.

"Ngapi?"

"Sita na mbili."

"Basi leo sijakuua," anasema, na anaondoka.