Glavu ya Casimir

Miaka arobaini na moja mume wangu Casimir alikaa kwenye benchi lile lile la uwanja wa besiboli, nyuma ya ukuta wenye majani, akisubiri mpira mmoja tu uvuke ukuta umwangukie yeye. Haukumwangukia. Uliwaangukia walevi, wageni, hata padri mmoja aliyekuwa amesinzia. Casimir alirudi nyumbani na glavu tupu na haradali kwenye shati, nami nikafua.

Mwezi wa tatu akafariki. Mwezi wa saba, timu ya St. Louis ilipokuja Chicago kucheza na yetu, nilichukua glavu yake nikaenda uwanjani. Sikwenda kutazama besiboli. Nilikwenda kumkalia nafasi yake, asije akaikalia mtu mwingine.

Orville, mwenzake wa benchi, alikuwapo na mikate miwili ya soseji, kama zamani.

"Shemeji, huu wako. Sosi ya nyanya sijaweka, Casimir asije akafufuka kunigombeza."

"Afufuke tu. Nina mengi ya kumwambia."

Tukacheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikala. Kila kitu kilikuwa vilevile kama siku zile Casimir aliponichukua: jua la mchana, harufu ya vitunguu, wazee na redio zao masikioni. Nilimkumbuka mpaka nikamkasirikia kwa kuniacha.

"Bibi, leo mnalia!" jamaa mmoja mwenye jezi nyekundu ya St. Louis akanitania.

"Sisi tumezoea kulia, baba. Nyie mkianza mtaweza?"

Zamu ya saba, pande la mtu wa St. Louis akaupiga mpira ukapaa, ukavuka ukuta. Nikasimama, nikainua glavu. Paa! Kiganja kikawaka moto. Mpira ulikuwa ndani.

"Rudisha! Rudisha!" uwanja mzima ukapiga kelele.

Kwetu mpira wa adui hauwekwi. Ukivuka ukuta, aliyeudaka anautupa uwanjani, awe mtoto au mzee. Na aliyekuwa akipiga kelele hizo kuliko wote miaka yote ni Casimir mwenyewe. Kaka yake aliwahi kuuficha mmoja, Casimir akamnunia mpaka Krismasi.

Nikaukumbatia mpira wangu. Miaka arobaini na moja aliusubiri, leo niutupe?

"Sirudishi," nikamwambia Orville. "Wapige kelele mpaka koo ziwakauke."

Orville akafungua begi lake, akatoa mpira mwingine, mkuukuu, mweusi kwa jasho.

"Rusha huu, shemeji. Nani atajua?"

"Umeutoa wapi?"

"Wa Casimir. Alinipa alipolazwa. Kila mchezo alikuja nao mfukoni, tangu mwaka mliooana. Siku akidaka wa adui, arushe huu, ule aende nao nyumbani."

"Casimir? Huyo aliyemnunia kaka yake?"

"Huyo huyo. Mwongo mkubwa."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kumbe! Miaka yote hiyo, mchezo ukiwa mgumu, mkono wake ulikuwa mfukoni, nami nilidhani anashika rozari. Nikaupokea mpira ule. Upande mmoja ngozi ilikuwa imelainika, na nyuzi zimelika pale dole gumba lake lilipokuwa likisugua.

"Bibi, rusha bwana!" wakapiga kelele. Hata yule wa jezi nyekundu alikuwa akicheka.

Nikasimama. Nikarusha kwa nguvu zote za miaka yangu sabini na miwili. Mpira haukufika mbali, ulianguka kwenye nyasi chini tu ya ukuta, lakini uwanja ulilipuka kwa shangwe kana kwamba tumeshinda. Tulikuwa tumeachwa pointi nne.

Orville akachungulia chini, akanishika bega.

"Shemeji! Umerusha ule wa kweli!"

"Najua niliourusha," nikasema.

Nikauweka mpira wa Casimir ndani ya glavu yake, dole gumba langu pale pale palipolika, nikakaa hivyo mpaka mchezo ukaisha.