Albamu ya Kinyozi Asiyemaliza Wimbo

Mke wa Wembe alifundisha watoto wa chekechea, na vitendawili vilimtoka hata akiosha vyombo.

"Kitendawili," alisema asubuhi moja, akimsogezea mumewe chai.

"Tega," Wembe akaitikia, macho kwenye nyuzi za gitaa.

"Nyumba yangu ina milango tele ya kuingilia, wa kutokea haina hata mmoja."

Wembe akasema mtego wa panya. Akasema tumbo la mtoto wao wa mwisho. Mwishowe akasalimu amri. "Haya, chukua mji."

"Nyimbo zako," mkewe akasema, akabeba mkoba wake akaenda kazini anacheka peke yake.

Hakumwonea. Wembe alikuwa kinyozi, na gitaa lake la umeme lilining'inia kwenye msumari kando ya kioo, ubavuni mwa mashine za kunyolea. Kama hakushika kichwa cha mtu, alishika gitaa. Alipiga bluzi iliyochanganywa na roki, ule muziki wa mtu anayelalamika huku amesimama wima na viatu vyake vimepigwa rangi. Na alikuwa anaweza, hilo halina ubishi. Ila juu ya mlango kulikuwa na kengele ya shaba, ndogo kama kikombe, aliyoitundika baba yake zamani duka lilipokuwa lake. Mzee alimfunza kazi kwa sheria moja: kengele ikilia, weka chini ulichoshika, inuka, mkaribishe mtu. Basi wimbo ukifika patamu, ngirii, mlango umefunguka. "Karibu, kaa hapa." Gitaa linarudi kwenye msumari. Wembe aliamini kabisa kwamba mwisho wa nyimbo zake upo, ni wateja tu wasiompa nafasi ya kuufikia.

Baba yake hakuamini. Kila Jumamosi alikuja kunyolewa, na akikuta gitaa linalia, alikaa nje kwenye benchi mpaka linyamaze.

"Si uingie usikilize, baba?"

"Nitasikiliza siku utakayomaliza. Mimi sijawahi kumnyoa mtu nusu kichwa nikamwambia nenda."

Neno hilo lilimkaa Wembe kooni kama mwiba wa samaki. Watu wote mtaani walishamsifu, mpaka wasio na nywele walikuja kumsikiliza. Aliyekuwa akimtaka alikuwa kwenye benchi, amempa mgongo.

Nafasi ikaja kupitia kichwa cha mteja. Fundi mitambo mmoja, mwenye studio nyuma ya duka la magodoro, alisema huku ananyolewa kwamba mwisho wa wiki anahamia mji mwingine. "Njoo urekodi albamu kabla sijafungasha," akasema. "Kuanzia kesho chumba kitakuwa kimekaa bure."

Wembe akafunga duka. Akamchukua dada yake, mpiga gitaa la besi, na shemeji yake, mume wa dada huyo, seremala aliyepiga ngoma kama anayepigilia kitanda misumari. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa mabaki ya magodoro, joto limejaa humo kama supu kwenye sufuria. Fundi mitambo akavaa visikilizio, akainua kidole, wakaanza.

Walianza vizuri. Walienda vizuri. Wakaendelea kwenda. Dada akamtazama kaka yake, akamtazama mumewe, akarudi kwa kaka. Shemeji alipiga mpaka fulana ikamganda mwilini na kijiti kimoja kikamponyoka. Wembe alikuwa anazunguka palepale, macho yamemtoka, kama mgeni aliyeaga kila mtu sebuleni asiuone mlango. Fundi mitambo alipochoka, akazima.

"Unamaliza lini, bwana?"

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

Wembe akautazama mlango.

"Anasubiri mteja," dada yake akasema, akakaa chini kwa kicheko.

Wembe hakucheka. Ndipo alipojua kwamba mzee alisema kweli, na wateja alikuwa anawasingizia.

"Mbona jambo dogo," fundi mitambo akasema. "Nitaishusha sauti kidogokidogo mpaka ipotee. Wengi wanafanya hivyo."

"Baba atasema nimetorokea uani."

Jioni mkewe alipopita kuwaona, aliwakuta wamenuna kila mtu na kona yake. Dada akamweleza. Akasikiliza, akatoka bila kuaga, akarudi ana bisibisi mkono mmoja na kengele ya duka mkono wa pili. Akaifunga juu ya mlango wa studio.

"Pigeni," akasema.

Wakapiga. Wimbo ulipoanza kujizungusha, fundi mitambo akanyoosha mkono, mke akasukuma mlango. Ngirii. Vidole vya Wembe vikasimama hapohapo, shemeji na dada wakamfuata, na Wembe, kwa mazoea, akaiambia maikrofoni, "Karibu, kaa hapa."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. "Hiyo inabaki," fundi mitambo akasema, anafuta machozi. Ikabaki, na nyimbo zilizofuata zikaishia vivyo hivyo.

Ukabaki wimbo mmoja, wa taratibu, wa mtu aliyekaa nje ya mlango na mwenziwe yuko ndani, na hakuna anayeanza kuita. Siku ya kuurekodi mke alikuwa na kikao cha wazazi shuleni. Bila kumwambia mumewe akamwendea baba mkwe.

"Baba, nakuomba ukanipigie kengele. Fundi mitambo akinyoosha mkono, wewe unasukuma mlango tu."

"Sitaki kusikiliza magitaa."

"Hujaitwa kusikiliza. Umeitwa kwenye kengele."

Mzee akafikiri. Kengele ilikuwa yake, na hakupenda watu wengine waizoee. Akaenda.

Wembe alimwona akiingia, akamwamkia shikamoo. Akaugeukia ukuta, akafumba macho, akaanza kupiga. Aliimba beti zote. Ikafika pale pa kuzunguka. Fundi mitambo akanyoosha mkono. Kimya. Akaunyoosha tena, akaupunga kama anayefukuza nzi. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, mkono wake umeikumbatia kengele, shingo ameinamisha upande, haoni mkono wala mwenye mkono.

Wembe akazunguka mara ya pili. Akazunguka tena. Jasho likamwingia machoni. Akaelewa kwamba leo hakuna mteja. Basi akapunguza. Dada akasikia, akapunguza naye. Vidole vikaanza kuteremka kwenye nyuzi nzito, sauti moja, kisha nyingine, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akipapasa kwa unyayo, hajui zimebaki ngapi. Halafu akakanyaga sakafu. Akaiacha sauti ya mwisho ilie mpaka ikaisha yenyewe. Shemeji akalishika tasa la ngoma kwa vidole viwili, lisije likaropoka.

Fundi mitambo akavua visikilizio. "Mzee, mbona hukupiga?"

"Imekwama."

Fundi mitambo akaenda akausukuma mlango. Ngirii.

"Basi imekwamuka sasa hivi," mzee akasema, akachukua kofia yake akaondoka.

Albamu ilipotoka, mtangazaji wa redio aliipiga asubuhi, na nusu ya mji wakainuka kwenda kufungua milango. Mwandishi mmoja wa gazeti aliandika kwamba kengele ni uzembe wa kurekodi. Wiki iliyofuata akaandika tena, akakiri kwamba amewaambia wageni wake "karibu, kaa hapa" kwa sauti ya wimbo. Jirani wa dada alisema hizo si nyimbo, ni kero, na akaendelea kuzipiga kila siku kwa sauti ya juu ili kila mtu asikie kero yenyewe. Kengele ilikuwa imerudi juu ya mlango wa duka, na wateja waliingia, wakatoka, wakaingia tena, raha ya kengele tu. Lakini watu walichobishania ni ule wimbo wa mwisho. Walimpigia mtangazaji simu: mbona huu haukukatwa? Mmoja akasema aliusubiri mlango mpaka chai ikapoa, na ulipoisha wenyewe alikaa tu, hataki kuinuka.

"Mwulizeni baba," Wembe alijibu kila mtu.

"Ilikwama," baba alijibu kila mtu.

Jumamosi moja Wembe alikuwa peke yake dukani anapiga. Kwenye kioo akauona mlango ukifunguka wembamba, na mkono wenye mishipa ukipenya juu, ukaifumbata kengele isilie. Kisha mzee akapita ubavu ubavu, akaufunga mlango taratibu, akakaa kwenye kiti. Akajifunga kitambaa shingoni mwenyewe, akatulia.

Wembe hakuinuka. Alipiga mpaka mwisho.

"Haya," mzee akasema, sauti ya mwisho ilipokwisha kabisa. "Ninyoe. Na iwe kichwa kizima."