Lapa Jekundu Chini ya Spika

Mimi ni fundi redio, mwaka wa ishirini sasa, na nasema bila haya: nilimwonea wivu kinyozi. Mtu asiyejua waya upi wa moto na upi wa baridi, jirani yangu wa mlango wa pili ghorofani. Spika zake nilimuuzia mimi mwenyewe. Ni pacha na zangu, maboksi yake niliyaunda siku ileile moja kwa mbao zilezile.

Sasa mbona zake ziimbe na zangu zigune? Nikiweka muziki kwangu, besi inashuka kwenye sakafu ya mbao, vikombe vinatetemeka kabatini, na mwimbaji anazama humohumo. Kwa kinyozi unasikia mpaka mwimbaji anavyovuta pumzi. Hilo ningelimeza. Kilichonichoma roho ni mke wangu. Kila jioni akitoka kuanua nguo, anasimama mlangoni pa kinyozi, beseni kiunoni, macho kayafumba, anasikiliza. Zamani alisikiliza kwangu hivyohivyo. Siku hizi nikiwasha tu, anasema kichwa kinamuuma.

Jumamosi nikashindwa kuvumilia. Nikaenda kwa kinyozi, nikamwambia nataka kukagua nyaya. "Karibu, fundi," akasema, huku ananitazama kwa jicho la pembeni. Nikaiinamisha spika moja.

Chini yake, kila kona, palikuwa na kipande cha lapa jekundu, ndala ya mpira. Kimoja kilikuwa na tundu, na tundu hilo nililitoboa mimi kwa chuma cha kulehemu, siku kamba ya lapa la mke wangu ilipokatika. Damu ikanichemka. Lapa la mke wangu linatafuta nini chumbani kwa mwanamume mwingine?

"Taratibu, usinivunjie spika," kinyozi akasema. "Shemeji ndiye aliyenipa. Nilimuuliza mbona cherehani yake haitikisi nyumba, akaniambia mpira unazuia mtikisiko usishuke sakafuni. Akasema hata wewe alikwambia. Wewe wa kwanza."

Ni kweli, aliniambia. Nami nikamcheka mbele ya wateja: tangu lini mshona nguo akamfundisha fundi redio kazi? Nikasahau siku ileile. Yeye hakusahau.

Nikarudi nyumbani nimenywea. Mke wangu alikuwa anashona shati la shule, cherehani inakwenda mbio, na glasi yake ya maji ipo sakafuni, maji yametulia tuli. Chini ya miguu ya cherehani, wekundu uleule. Sijui nimepita hapo mara ngapi.

"Limebaki lapa?" nikauliza.

"Yalikuwa mawili tu, baba watoto." Hakuinua macho. "Moja hili hapa. La pili nilikuwekea juu ya kabati, mwezi mzima. Nilipoona hata huligusi, nikampa aliyeuliza."

Na siwezi kudanganya, kinyozi bado namwonea wivu, tena kuliko mwanzo. Si kwa ajili ya spika. Ni kwamba yeye aliuliza.

Nikavua malapa yangu, nikachukua kisu.

"Kata vipande vinene," akasema. "Vyembamba havisaidii kitu."

Nikakata vinene. Akasimamisha cherehani, akaja kunishikia spika.