Shingo ya Lukhoi

Kila Jumapili, kabla hajaketi kufuma, Ibemhal alikata uzi akaupima kwenye shingo ya mdogo wake. Matezi yalikuwa matatu, yamejipanga chini ya sikio. Uzi mmoja kwa wiki, akiufunga fundo na kuutia kwenye kikopo.

Wiki tano za kwanza za dawa za TB, nyuzi zilifupika. Kisha hospitali ikamwongezea Lukhoi dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, na baada ya majuma matatu uzi ukarefuka karibu maradufu. Homa ikarudi. Ngozi ikawa nyekundu, inang'aa.

"Sasa nina shingo ya fahali," Lukhoi alisema. "Nifungieni jembe."

"Fahali hashindi kitandani. Umemeza dawa?"

Akageukia ukutani. Hakuwa amemeza tangu juzi.

"Dada, zinaniua. Macho unayo."

Biren, aliyechangia sindano za unga na Lukhoi enzi zile, naye aliacha dawa, na kabla ya mavuno akafa, wakauchoma mwili wake kando ya mto. Asubuhi ile Ibemhal akamvika mdogo wake shali, akachukua kikopo chake, wakapanda gari kwenda hospitali mjini Imphal.

Daktari alitazama nyuzi moja moja, bila kucheka. Akalichoma tezi kwa sindano, akavuta usaha kidogo, akaupeleka maabara. Wakangoja hadi saa nane mchana.

Fundi wa maabara, Kunjo, aliwaita ndani yeye mwenyewe. Alikuwa ameweka vioo viwili vyembamba, vimepakwa usaha na kutiwa rangi.

"Hiki cha kwanza ni cha siku ile kabla hajaanza dawa. Chungulia, dada."

Ibemhal akainamia hadubini. Vijiti vyekundu, vyembamba, vimetapakaa kila mahali, wala hapakuwa na kitu cha kuvizuia.

"Hao ndio wadudu wa TB," Kunjo alisema. "Virusi vilikuwa vimewamaliza askari wa mwili wake. Wadudu walikaa kama wako kwao. Sasa hiki cha leo."

Ibemhal alitafuta vijiti kwa muda mrefu. Akaona kimoja, kimekatikakatika. Kuzunguka kijiti hicho zilisongamana chembe za buluu, mamia kwa mamia, zimebanana bega kwa bega hadi ukingo wa duara.

"Hizo ni nini?"

"Ni yeye."

"Yeye nani?"

"Lukhoi. Dawa zimewaamsha askari wake, wamekuta adui bado yumo, wamemvamia wote kwa pamoja. Ndiyo maana panavimba. Daktari atampa kitu cha kutuliza, lakini dawa zake asiache hata siku moja."

Miezi minane, tangu augue, Ibemhal alikuwa akimlisha ndugu yake wali wa majimaji kijiko kwa kijiko, akidhani anajaza maji kwenye kapu. Kumbe ndani ya mifupa ile halaiki nzima ilikuwa ikizaliwa, kimya kimya, bila mtu kuiamuru.

"Nipisheni na mimi, shingo si yangu?" Lukhoi alisema.

Akainama. Nje watu wakaanza kugonga mlango, naye bado ameinama, midomo wazi, akiisogeza sahani ya hadubini taratibu kama Kunjo alivyomwonyesha.

"Wote hawa wangu?" aliuliza mwishowe.

"Wako."

Akanyoosha mkono nyuma, bila kuinua jicho.

"Dada, maji. Na zile dawa, unazo?"