Habari za Bibi Mapazia

Jumamosi mchana fundi wetu wa cherehani hufunga duka nusu mlango, akasukuma vitambaa pembeni, na sisi wanne tukaizunguka meza yake ya kukatia nguo kupiga soga na kusomeana hadithi. Hakuna anayetulipa. Fundi anashona magauni, mwalimu amestaafu, mwoka mikate anaoka mikate, nami nauza miwani. Watu wakisikia kwamba tunaandika, wanacheka. Wacheke tu, meno ni yao.

Hadithi yetu ni moja. Ilianza siku fundi alipotusomea kisa alichokitunga cha mama mmoja aliyeingia dukani kununua kitambaa cha mapazia ya nyumba ambayo bado hajaipata. Tulimpenda palepale. Tangu hapo kila mtu kwa zamu yake anaandika kilichompata Bibi Mapazia, na sheria ni moja tu: kilichosomwa mezani kimeshatokea, hakifutwi. Ndiyo maana tukazoea kumzungumzia kama jirani.

"Jamani, Bibi Mapazia amepata nyumba," mwalimu atasema akivua viatu, maana yeye hawezi kufikiri akiwa amevaa viatu.

"Ya juu au ya chini?"

"Juu kabisa. Ngazi zinamtoa jasho."

"Kajitakia mwenyewe. Si alisema anataka kulala karibu na mawingu?"

Kisha, bila hata kuvuta pumzi, tunahamia kwenye bei ya unga, kikohozi cha mjukuu wa mwalimu, na wifi yake fundi asiyejua kuaga. Jua linapita kwenye vitambaa vilivyotundikwa, chumba kizima kinakuwa chekundu, halafu kijani, na mimi mara nyingine hupotewa kabisa na mpaka wa wifi na Bibi Mapazia.

Hapo ndipo nilipokosea, nikayabeba mazoea hayo hadi nyumbani.

Mama alihamia kwangu baba alipofariki, na tangu siku hiyo hakuvuka kizingiti. Viatu vyake vilikaa uvunguni vikila vumbi. Nikimwambia twende hata pale nje, anasema kesho. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha dirishani, kimya, anazidi kupungua, na mimi nilikuwa naogopa kwamba siku moja nitarudi kutoka kazini nikute kiti tu. Basi Jumamosi moja, kwa kukosa la kusema, nikaropoka, "Bibi Mapazia amepata nyumba."

Mama akageuza shingo. "Nani huyo?"

"Mama mmoja wa kule kwa fundi."

"Anaishi na nani?"

Yalikuwa maswali yake ya kwanza tangu aje. Ningeyazimaje? Wiki iliyofuata aliniuliza habari zake kabla sijatua mkoba. Baadaye akaanza kumtumia salamu. "Mwambie yale mapazia ya buluu jua litayafifisha, atafute ya njano." Nikalipeleka wazo mezani kama langu, na Bibi Mapazia akabadili mapazia. Mama alifurahi mpaka akaomba chai ya pili. "Nikipata nguvu," akasema, "nitakwenda kumwona." Neno hilo nililishika kwa mikono miwili, na ukweli nikauweka kiporo.

Halafu ikafika zamu ya mwoka mikate. Tangu afiwe na mkewe alikuwa akiziruka zamu zake, anatuletea mkate wa moto na kukaa kimya. Siku hiyo alitoa karatasi yenye alama za unga, akasoma kwa sauti ndogo: Bibi Mapazia alijilaza mchana, mapazia yakawa yanapepea, na hakuamka.

"Umemuua!" nikafoka. "Nani kakutuma?"

"Sikumuua, dada. Nilikaa kuandika, nikamkuta amelala."

"Futa!"

"Imeshasomwa," mwalimu akasema kwa upole.

Nikachukua mkoba wangu, nikatoka bila kuaga, kama wifi yake fundi.

Njiani nilipanga kusema amesafiri. Mezani kwetu mimi ndiye bingwa wa kutia chumvi, lakini mama aliponiangalia na kuuliza, "Rafiki yangu hajambo?" chumvi yote ikaniishia.

"Amefariki, mama."

Nilitaka kuendelea, niseme kwamba hakuwahi kuwapo. Ulimi ukagoma. Mama akageukia dirisha.

"Nipe viatu," akasema.

"Viatu?"

"Watu wamefiwa, sisi tukae hapa tunatazamana? Wale wenzako wa kwa fundi ndio watu wake. Twende."

Nilivifuta vumbi vile viatu, nikamvisha. Barabarani alitembea polepole, kanishika mkono, akitazama madirisha ya juu.

"Lake lipi?"

Juu kabisa ya jengo moja palikuwa na pazia la njano, upepo ukilitoa nje na kulirudisha. Nikaonyesha.

"Limependeza," mama akasema. Nami, Mungu anisamehe, niliona kweli limependeza.

Wenzangu walikuwa bado mezani. Mama akawapa mkono mmoja mmoja. "Poleni, wanangu. Nimesikia habari za Bibi Mapazia." Mwalimu alinikodolea macho, nami nikamsihi kwa yangu. Fundi ndiye aliyeelewa kwanza. Akainuka, akavuta kiti. "Tumeshapoa, mama. Karibu ukae."

Mama akakaa. "Nani alikuwa naye?"

Kisha mwoka mikate akasema, akitazama mikono yake, "Hakuna, mama. Ilikuwa niwe mimi. Aliniambia nisiende kazini siku ile, nikamwambia nawahi tu kutoa mikate kwenye tanuri, narudi sasa hivi. Niliporudi nilimkuta amelala."

Haya hayakuwa kwenye karatasi. Hakuwahi kutuambia jinsi mkewe alivyokufa, na sisi, mabingwa wa kuuliza habari za mtu asiyekuwapo, hatukuwahi kumuuliza.

Mama akauchukua mkono wake, akaufunika kwa mikono yake yote miwili.

"Mume wangu aliniita nikiwa jikoni," akasema. "Nikamjibu naja. Tangu siku hiyo sitoki nyumbani, mwanangu. Nasikiliza, nisije nikachelewa tena."

Nilikuwa nimeishi naye muda wote huo nikidhani ni miguu inayomzuia kutoka.

Mwoka mikate alilia kwa sauti, bila aibu, na mama hakumwachia mkono. Tulikaa hivyo mpaka jua likahama kutoka kitambaa chekundu hadi cha kijani. Kisha mama akainama, akavua viatu, akavipanga chini ya meza kando ya vya mwalimu.

"Haya," akasema. "Nisimulieni. Anzeni na ile siku aliyokuja kununua kitambaa."