Gramu Kumi na Nne

Watu wakiniuliza kazi yangu ni nini, nawaambia mimi ni mchora ramani za tumbo la kijidudu. Wanacheka. Wacheke tu. Kijidudu chenyewe ni bakteria. Tumembadilisha vinasaba ili akila sukari atoe mafuta ya kuendeshea magari, na mimi ndiye ninayemjenga ndani ya kompyuta. Kila njia inayopita sukari naichora, kila kituo inapovunjwa na kugeuzwa nakiandika, halafu naiachia mashine ikokotoe: sukari ikiingia kiasi hiki, mafuta yatatoka kiasi gani?

Nikishaikodolea macho ramani ile muda mrefu, siioni tena kama mistari. Naingia. Natembea humo kama mtu anayezurura mtaani kwao Jumapili, sina haraka ya kufika. Sukari inapita kando yangu, inafika njia panda, nusu inakwenda kushoto, nusu kulia. Kuna joto zuri humo, na mwanga wa rangi ya asali usiotoka popote. Usinione nimenyamaza mezani ukadhani nimelala. Niko kazini.

Aliyekuwa akimlea bakteria huyo ndani ya chupa halisi ni shangazi yangu, dada yake baba, aliyenilea tangu nina miaka sita. Aliingia maabara ile kama muosha vyombo. Miaka kumi na tisa baadaye, hakuna aliyeweza kupima tone kama yeye. Wote walimwita Mama Tone, hata mkuu wetu, ambaye sisi kwa siri tulimwita Bwana Asilimia, maana hata salamu yako angeipigia hesabu.

Sasa balaa lenyewe. Ramani yangu ilisema gramu mia za sukari zitatoa gramu thelathini na nane za mafuta. Chupa za shangazi zilitoa kumi na nne. Akarudia, kumi na nne. Akabadilisha chupa, akachemsha upya kila kitu, kumi na tatu na nukta tisa. Miezi saba!

"Shangazi, labda mkono unateleza kidogo ukipima sukari," nilimwambia siku moja, na ujuaji wangu.

Aliitazama mikono yake. Mungu anisamehe, nilirudi zangu kwenye kompyuta.

Alhamisi Bwana Asilimia akatuita. Akasema kompyuta haina mikono ya kutetemeka, na kuanzia Jumatatu chupa zitashikwa na mtu mwingine. Mama Tone atarudi kwenye sinki, kuosha vyombo. Aliyasema hayo kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyonichoma. Shangazi akasema, "Sawa, baba," akatoka na daftari lake.

Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Tena hasira za kijinga, maana nilimkasirikia hata yeye: kwa nini asibishane? Nikakaa mbele ya ramani, mchana kweupe, mvua ikinyesha taratibu juu ya bati, nikaingia humo ndani ili nisimwone mtu.

Nilitembea sana siku hiyo. Niliipita njia panda, nikapita vituo nilivyovizoea, nikafika pembezoni, karibu na ukuta wa nje, ambako sikuwa nimekanyaga kwa miezi. Kulikuwa na mlango wazi. Mdogo tu. Nguvu zilikuwa zikiingia hapo kimya kimya, hazina mwenyewe, hazijulikani zimetoka wapi, na kila kitu humo ndani kilikuwa kikifanya kazi bila kuchoka wala kuona njaa. Nikasimama pale kama niliyelewa. Kisha nikaujua ule mlango. Niliufungua mimi.

Ilikuwa wiki ya kwanza, ramani haijakamilika, na kila nikiijaribu bakteria anakufa kwenye skrini. Sisi wa kazi hii tuna mchezo wetu: unamfungulia mlango wa muda, anapata nguvu za bure asife, wewe unarekebisha mengine, halafu unaufunga. Sikuufunga. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaufunga sasa. Mstari mmoja tu, sifuri mahali pa elfu moja. Mashine ikakokotoa kwa muda wa kupiga chafya. Kumi na nne na nukta moja.

Ningeweza kunyamaza. Thelathini na nane ilikuwa imeshatangazwa kwa wafadhili, na jina langu lilikuwa juu yake. Lakini nilinyamaza wapi mimi, na mdomo huu? Nikamfuata shangazi, nikamshika mkono, nikamvuta hadi ofisini kwa mkuu.

"Kosa ni langu," nikasema kabla hata sijaketi. "Bakteria wangu alikuwa anakula vya bure. Hakuna bakteria wa hivyo duniani. Mama Tone alikuwa anapima ukweli muda wote huu, mimi ndiye niliyekuwa naota."

Bwana Asilimia akaangalia karatasi yangu, akaangalia daftari la shangazi, akavua miwani. Akasema barua ya kuwaeleza wafadhili nitaiandika mimi mwenyewe, na Mama Tone abaki na chupa zake.

"Tangu lini?" shangazi aliniuliza tukiwa njiani kurudi nyumbani.

"Tangu mwanzo. Miezi saba."

"Wewe mtoto, wewe."

Nyumbani yaya alimlaza kitandani mwanangu wa miezi minne, akatuaga. Mtoto akaanza kulia. Nikaweka mkoba chini nimchukue, lakini shangazi alinitangulia. Akasimama kando ya kitanda, hakumgusa.

"Unajua kwa nini sijambeba tangu azaliwe?"

Nilidhani ni uchovu wa kazi. Tena nilikuwa nimeshanuna moyoni, nikisema shangazi hampendi mwanangu.

"Nilijua mikono yangu imeharibika," akasema. "Kompyuta yako ilisema. Nikaogopa nitamwangusha."

Machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke.

Akaipangusa mikono kwenye gauni lake, wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, akainama, akamchukua.