Samaki wa Mama Kabange

Naitwa Chadrack. Natengeneza simu mjini Nchelenge, kando ya ziwa, karibu na stendi ya mabasi ya Mansa, na nyumbani kwangu ni Mantapala, makazi ya sisi wakimbizi tuliotoka Kongo. Dukani nina televisheni moja na mashine ya gemu, kwa ajili ya wateja wanaosubiri simu zao. Nimecheza miaka mingi, na kwenye skrini nimeua watu wasiohesabika. Wengine niliwaona wakiuawa na maadui: mke wa shujaa, rafiki yake, mzee wa dukani. Walikufa ili shujaa akasirike na safari ianze. Sikumbuki jina la hata mmoja.

Mwaka jana alikuja dada mmoja kutoka Lusaka, anaitwa Mapalo. Yeye na wenzake watatu walikuwa wanatengeneza gemu yao wenyewe, hadithi ya ziwa kama hili letu, na walitaka watu wake waongee Kiswahili cha Kongo, kile kinachosikika sokoni. Mapalo mwenyewe ni Mbemba, Kiswahili chake ni cha kununulia samaki tu; mimi na yeye tuliongea Kibemba. Akaniomba nimtafsirie, na nimtafutie mama wa kusema maneno ya muuza samaki.

"Ni kazi ndogo," aliniambia. "Yupo dakika mbili. Anauza, anatania, anapigwa risasi. Shujaa anamkuta, anakasirika, anaondoka kulipa kisasi."

Nikamwita Mama Rosalie, jirani yangu wa Mantapala, anayeuza chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa juani. Tulifanya kazi dukani kwangu, Jumapili baada ya ibada. Tulitundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi, tukazima friji. Mama Rosalie alikaa mbele ya maikrofoni na kitambaa chake cha kanisani kichwani, akayasema maneno ya mwanzo vizuri mno. Alipomtania shujaa kwamba miguu yake ni myembamba kama ya korongo, Mapalo alicheka mpaka ikabidi turudie.

Tukafika kwenye kifo. Kwenye karatasi palikuwa na neno moja tu: *Aaa!*

Mama Rosalie aliitazama karatasi. "Chadrack, huyu mama jina yake nani?"

Nikamuuliza Mapalo. Mapalo akapekua kurasa zake, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tumeandika 'muuza samaki wa kwanza'."

"Hapana," alisema Mama Rosalie. "Mutu hafi vile. Mi niliona."

Akaivua mashine ya kusikilizia aliyovaa masikioni, akaiweka mapajani. Nimeishi jirani naye miaka sita, na maneno aliyoyasema pale sikuwahi kuyasikia.

"Tulikimbia vita na jirani yangu, Mama Kabange, nilimuita yaya, dada yangu mukubwa. Njo yeye alinifundisha kuanika chisense. Siku ya pili njiani, balimupiga risasi ku mbavu. Nikamulalisha chini ya muti. Hakulia. Hakuita Mungu, hakuita batoto. Alikamata mukono yangu, akasema, 'Rosalie, geuza samaki. Itaoza.' Samaki gani? Tulikuwa katikati ya pori, nyumba tuliiacha mbali!"

"Ukafanya nini, Mama?" nikauliza.

"Nikakamata majani ya kukauka pale chini. Nikageuza moja moja, mbele ya macho yake. Nikamuambia, 'Nageuza, yaya. Angalia, nageuza.' Mpaka macho yake ilitulia."

Nilimtafsiria Mapalo. Alichukua kalamu, akakata yale maneno 'muuza samaki wa kwanza', akaandika: *Mama Kabange*. Kisha akapiga magoti kidogo, kama wafanyavyo Wabemba mbele ya mkubwa, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Bamayo, mama yangu, sema vile alisema yeye."

Mama Rosalie akavaa tena mashine masikioni. Akafumba macho. Sauti iliyotoka haikuwa yake; ilikuwa ya mwanamke mzee zaidi, mchovu, aliyekumbuka kazi aliyoiacha. "Geuza samaki. Itaoza." Mara moja tu. Hatukurudia.

Miezi minane ikapita. Mapalo akarudi na kompyuta yake, akaiunganisha na televisheni yangu. Alionekana kama mtu aliyebeba habari asiyojua pa kuiweka.

"Tuliwapa watu gemu waijaribu," alisema. "Lusaka, Ndola, wengine hata Ulaya. Mama Kabange akishakufa, njia inafunguka na mshale unaonyesha shujaa aende wapi. Lakini hawaendi. Wanarudi kwenye mkeka alioanikia samaki, wanabonyeza kila kitufe. Sisi hatukuweka kitu pale, Chadrack! Samaki walikuwa picha tu. Mmoja alisimama pale robo saa nzima. Akatuandikia, 'Nionyesheni namna ya kuwageuza.'"

"Mkafanyaje?"

"Tukaweka. Ukibonyeza, samaki mmoja anageuka. Hupati pointi, hupati silaha, hupati chochote. Na wanawageuza wote."

Dukani walikuwepo watu saba au wanane wenye simu zao. Mmoja alikuwa Sampa, mvuvi wa kisiwa cha Chisenga, mtu wa makelele. Mama Rosalie alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Nikashika padi ya kuchezea, nikaanza kucheza. Utani wa korongo ulipotoka watu walimcheka Mama Rosalie, naye akajificha uso. Kisha risasi. Kisha ile sauti.

Nje basi la Mansa lilipiga honi, likaondoka. Vidole vyangu, vilivyozoea kukimbilia kisasi, vilikataa. Mshale uliwaka kule njiani. Mimi nikampeleka shujaa kwenye mkeka, nikageuza samaki wa kwanza. Akang'aa upande wa pili.

"Si vile," alisema Mama Rosalie taratibu. "Anza ku upande ya upepo."

Nikaanza upande wa upepo. Ilichukua muda mrefu. Sampa alikuwa amevua kofia yake, sikujua saa ngapi.

Nilipomaliza, Mama Rosalie alimgeukia Mapalo. "Bon, haya. Na kisha?"

"Kisha shujaa anaenda kupigana."

"Na huyu mama anabaki vile? Bila kuzikwa?"

Mapalo alitutazama mmoja mmoja. Sampa akasema, "Kwetu Chisenga hakuna mtumbwi unaotoka siku ya maziko." Mwanamke aliyeleta simu iliyoingia maji akasema kwamba mama wa soko husindikizwa na soko zima, na wimbo huanzishwa na yule aliyekaa meza ya jirani. "Na ile meza ya jirani ni ya nani?" akauliza mwingine. Wakaanza kumbuni huyo jirani na kubishana jina lake, na watoto wake, na kwa nini aligombana na Mama Kabange mwaka ule wa mvua nyingi.

Mapalo alikuwa anaandika. Karatasi zikamwishia. Nikamfungulia daftari langu la dukani katikati, nikamchania kurasa kumi.

Nilikaa pale na padi mkononi, nikisikiliza kijiji kizima kikitokea nyuma ya mwanamke wa dakika mbili. Hakuna aliyeniuliza habari ya simu yake mpaka jua likashuka.